Ulimi Kati ya Meno

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi hapa Taichung nilihesabu siku sabini na moja
na hakuna aliyenipa hata kipande cha chaki.

Shahada ninayo, imepigwa mihuri mitatu:
mmoja wa Asunción, wa pili wa ubalozi,
wa tatu sijui wa nani, ila niliulipia.
Na viatu vya kufundishia, vyeusi, visigino vifupi,
nilivisafirisha ndani ya gazeti la nyumbani;
kila nikivifungua nasoma tena
bei ya soya ya mwezi Machi.

Shule ya kwanza: Kiingereza?
Shule ya pili: Kiingereza?
Ya tatu walinimiminia chai, wakanisifia nywele,
wakauliza kama sina rafiki ajuaye Kiingereza.

Ya nne ilikuwa ghorofa ya tisa, juu ya kliniki ya meno.
Bwana Hung, mpole, tai ya kijani,
alinisikiliza nikisoma ukurasa mzima wa habari za treni,
kisha akalaza kalamu mezani
kama daktari mwenye majibu ya vipimo.
"Wateja wetu wanataka Kihispania cha Madrid.
Hapa, na hapa, ulimi ukae kati ya meno.
Utaweza? Na kwenye bango tutaandika
Mwalimu Zunilda, mzaliwa wa Madrid."

Kuweza naweza. Ni sauti ya thamani, ya theluji, ya thawabu,
si jambo la kumtoa mtu jasho.
Nilifanya mazoezi kwenye lifti, ghorofa tisa kushuka:
zapato, cielo, corazón,
kiatu, mbingu, moyo,
na kwenye kioo mwanamke akanitazama
amevaa koti la marehemu asiyemjua.

Chini ya chumba nilichopanga, Bi Tsai Pi-hsia
huuza maziwa ya soya tangu saa kumi na moja alfajiri.
Labda ni soya ya kwetu, huwaza mimi nikinywa,
imenitangulia kuja na ikapata kazi.

Asubuhi ile alinisikia nikimlilia dada kwenye simu.
Akanishika kiwiko, mkono wake una povu,
akanifungulia picha inayotembea:
mtoto wa miaka sita, Derlis, mjukuu,
huko Ciudad del Este ambako babake ana duka la feni.
Bibi anaongea. Mtoto anaongea. Hawakutani.
Kuna neno moja analirudia, akasema Bi Tsai
kwa vidole, kwa nyusi, kwa Kichina cha kunionea huruma.
Simu yake itafsiriyo kila kitu ilinyamaza.
Alipanda hadi ghorofa ya tisa kwa mwalimu wa Madrid,
wa Madrid kweli, akasikiliza mara mbili,
akasema: neno hilo halipo.

Nikasogeza simu sikioni.
Bibi anauliza, kidole kwenye fizi: liko wapi jino lako?
Mtoto anaachama, ulimi unachungulia pengoni,
ndaipóri, anasema, ndaipóri!

Nikacheka hadi nikamwaga kikombe.
Si Kihispania, Bi Tsai. Ni Kiguarani.
Ni neno alilosema mama yangu
akiinua kifuniko cha debe la unga,
akilirudisha polepole, tusisikie.
Yule mwalimu hakukosea sana:
maana yake ndiyo hiyo. Halipo. Hakuna.

Akalisema. Akakosea. Akalisema tena,
kwa sauti, mbele ya wateja watatu wenye foleni,
mwanamke wa miaka sabini na nne
akitangazia barabara nzima kwamba hakuna,
na sufuria nyuma yake zimejaa, zinafoka.

Sasa kila siku saa nne, wateja wakiisha,
nashuka na viatu vyangu vyeusi.
Ananilipa noti tatu za mia na kikombe kisicho na sukari.
Gazeti lililowa; bei ya soya haisomeki tena.

Bwana Hung amepiga simu mara mbili.
Sijamjibu. Kodi ni tarehe tano.